Kwa Nini Kesho Sitakuhesabia

Mwanangu Mapendo,

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: mtu ambaye miguu yake ni mikavu hana haki ya kumhesabia mwenzake anayeruka. Awe mwalimu, awe mkubwa wa serikali, awe baba mzazi. Ukimsikia mtu anasema moja, mbili, tatu, itazame kwanza miguu yake, ndipo uisikilize sauti yake.

Naanza na dai kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na kwa sababu jana ulimwambia mama yako, "Baba asiponihesabia, minye sipande meli," na nyumba nzima ikanigeukia kana kwamba jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Mama yako alisema, "Si umuhesabie tu, yaishe?" Babu yako alinitazama kwa lile jicho lake ambalo nitakueleza nililijuaje. Mimi nilinyamaza. Kwangu kunyamaza ni jambo la nadra, nawe ulilichukua kuwa ndiyo. Haikuwa ndiyo. Leo jua limekwisha kushuka nyuma ya milima, sanduku lako limefungwa kamba mlangoni, na kabla hujalala nataka uwe na jibu langu kwa maandishi, pamoja na sababu zake.

Mambo ya sabuni, ya blanketi, ya kuwasalimu masista na kutokula vya watu njiani, mama yako ameyasema mara tatu na atayasema tena asubuhi. Nayapita. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ule mwanya wa bandarini.

Tulikwenda bandari ya Kalundu juma lililopita ili uuone. Kati ya gati na ubavu wa meli kuna nafasi ambayo mtu mzima huivuka kwa hatua moja ndefu, na chini yake maji meusi yanapanda na kushuka. Wapagazi walikuwa wanaivuka na magunia mabegani huku wanataniana. Wewe ulisimama pale muda mrefu, ukanishika mkono, ukasema, "Baba, iko inapumua." Nilitaka kukucheka, nikashindwa, kwa kuwa ulisema kweli. Unapumua. Na kesho ni lazima uuvuke, maana ulishinda mtihani mbele ya watoto wote wa mji huu wa Uvira, nafasi yako ya shule kule Kalemie imeandikwa jina lako, na meli nyingine itakapokuja shule itakuwa imekwisha kufunguliwa na kitanda chako kimepewa msichana mwingine. Hilo ndilo lililo mbele yetu. Wala sikufichi kwamba mimi ninauogopa mwanya huo kuliko wewe.

Ulitaka nikuhesabie mpaka nne. Ndivyo tufanyavyo nyumbani kwetu kila tunaporuka kitu, iwe mfereji, iwe tope la mtaa wetu wa Kimanga wakati wa mvua. Watoto wa jirani huruka kwenye tatu na hutucheka: "Ba kwa mwalimu banachelewa na moja." Umekua na hiyo nne mdomoni bila kuuliza ilikotoka. Sikuwahi kukuambia, kwa sababu hadithi yake hainipambi hata kidogo, na mimi, kama ujuavyo, ni mtu anayependa kupambwa.

Basi sikiliza.

Babu yako amevua ndagala katika ziwa hili tangu kabla sijazaliwa. Umeona mara nyingi jinsi mtumbwi mkubwa unavyoingizwa majini siku ya mawimbi: watu wanne, wawili kila upande, wanausukuma mpaka maji yafike mapajani, kisha wote wanajitupa ndani kwa mara moja. Upande mmoja ukitangulia, mtumbwi unalala na kunywa maji. Kwa hiyo wanahesabu. Lakini umewahi kutazama ni nani anayehesabu? Ni yule wa nyuma kabisa, ambaye ndiye wa mwisho kuuacha mchanga. Mwenye mtumbwi mwenyewe akiwa amesimama ufukweni hafungui mdomo. Wake zao hawafungui mdomo. Hii ni sheria ya wavuvi, haikuandikwa popote, na mimi mtoto wa mvuvi niliijua kama ninavyolijua jina langu. Kisha nikaenda shule, nikapata viatu, nikaisahau.

Siku ya uhuru nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Wewe ulikuwa na miezi saba, uko mgongoni mwa mama yako. Nilikuwa nimetoka kupata cheti cha ualimu, na kati ya vijana wa Kimanga hapakuwa na mwingine aliyekuwa nacho, jambo ambalo nilihakikisha hakuna aliyelisahau. Vijana wale walikuwa wamekata shauri kwamba saa ileile bendera ikipanda, wote wataruka ziwani kutoka kwenye jabali pamoja, ili asitokee mtu baadaye akadai kwamba yeye aliingia katika uhuru kabla ya wenzake.

Fikra nzuri. Ila ilihitaji hesabu, na hesabu ilituletea ugomvi wa siku tatu. Wako waliotaka tuhesabu Kifaransa, kwa sababu ndivyo tulivyohesabu shuleni na ndivyo ilivyofaa heshima ya siku yenyewe. Wako waliouliza itakuwaje turuke kutoka kwa Wabelgiji kwa tarakimu zao. Mmoja alitaka Kifuliiru, lugha ya watu wa milimani, mwingine akamuuliza watu wa bondeni waende wapi. Mimi nilisimama juu ya sanduku la bia nikatetea Kiswahili kwa muda usiopungua saa moja, nikataja Warumi, nikataja Wayunani, nikashinda. Na kwa kuwa nilishinda, wakasema basi nihesabu mimi.

Nilikwenda jabalini nimevaa viatu vyeupe. Nilivipaka chokaa asubuhi ile. Vijana walijipanga ukingoni wamevua mashati, nami nikasimama nyuma yao mahali palipoinuka, saa ya mkononi imeinuliwa, nikiitazama bendera iliyokuwa ng'ambo ya miti. Ilipopanda nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilifika Burundi: moja, mbili, tatu. Wakaruka wote. Maji yalipasuka kwa mlio ambao sijausikia tena. Kisha vichwa vikaanza kuibuka kimoja kimoja, vinacheka, vinatema maji, vinaitana majina, mpaka kimoja kikageuka na kuniona mimi peke yangu juu ya jabali na saa yangu.

Kilikuwa kichwa cha Bonifasi, rafiki yangu wa tangu utotoni. Akaita, "Mwalimu, weye uko unangojea uhuru gani?"

Ufukwe mzima ulicheka. Ziwa lilicheka. Na badala ya kuruka na viatu vyangu na kuyamaliza, nilifanya kosa ambalo ni watu waliosoma tu wanaolifanya: nilijibu. Niliwaeleza kwamba katika kila tendo kubwa ni lazima mmoja abaki nchi kavu ili awe shahidi. Nilieleza vizuri sana. Bonifasi akasema, "Shahidi, basi utupatie mashati," nami nikawa ninawatupia mashati yao wakati mji mzima ukiimba.

Mama yako aliniambia njiani, "Minye niliolewa na muntu wa maneno," akacheka mpaka wewe mgongoni ukaamka. Babu yako alikuwa ameketi ufukweni anashona wavu. Nilipopita alivitazama viatu vyangu, akasema, "Miguu yako iko mikavu," akaendelea kushona. Hilo ndilo jicho nililokuambia. Nililiona jana tena, miaka yote hiyo imepita.

Ungedhani nilijifunza siku ile. Sikujifunza. Nilihesabu kuwa nimeaibika, na aibu haimfundishi mtu kitu. Inamtafutia maneno zaidi. Niliyoyaona baadaye ndiyo yaliyonifundisha. Mara baada ya uhuru nchi yetu ilijaa watu wa kuhesabu. Walihesabu barazani, walihesabu redioni, walihesabu wamesimama juu ya magari: moja, mbili, tatu, rukeni. Na vijana waliruka, wengine huku, wengine kule, na aliyehesabu akabaki anarekebisha kofia yake. Ulipofika mwaka wa uasi niliwaona wanafunzi wangu mwenyewe wakipita barabarani wamefunga majani ya waasi kichwani, na nyuma yao, mbali kabisa, wakubwa waliowahesabia. Jeshi nalo lilikuwa na wa kwake wa namna hiyohiyo. Niliwatazama viatu. Vyote vilikuwa safi. Hapo ndipo nilipokumbuka chokaa yangu, na moyo wangu haukupumzika kwa siku nyingi.

Lakini nilikuahidi habari ya nne, nayo ni habari ya furaha, ijapokuwa ilianza kwa mbio.

Vita vilipotoka uwandani na kufika karibu nasi, babu yako alisema tunavuka ziwa kwenda Burundi. Ilikuwa asubuhi, ukungu mwepesi juu ya ziwa, na mawimbi makubwa kwa sababu upepo ulikuwa umevuma tangu alfajiri. Mtumbwi ulihitaji watu wanne, nasi watu wanne tulikuwepo, ukihesabu kwa huruma: babu yako ambaye goti lake lilikuwa limevimba, Bonifasi, mama yako, na mimi. Bibi yako alikuwa tayari ndani, ameshika sufuria na kuku mmoja. Wewe, mwenye miaka minne, tulikukalisha juu ya rundo la nyavu. Na mbele yako tuliweka sanduku langu la vitabu. Lilikuwa zito kuliko wewe na bibi na kuku pamoja. Bonifasi aliuliza, "Hii nayo inakimbia vita?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo inayokimbia vita kwanza.

Kwa sababu ya goti lake babu yako hakuweza kukaa nyuma. Akanionyesha mahali pa mwisho, akasema, "Ingia pale. Hesabu, mwalimu."

Nikaingia majini. Na viatu. Tukasukuma mpaka maji yakanifika mapajani, wimbi likatupiga, likajaa ndani ya mtumbwi mpaka wewe ukawa umeketi ndani ya maji kwenye nyavu zako. Nikasema moja. Nikasema mbili. Kisha nikaliona wimbi la pili linakuja, nikasita. Mwanangu, na niandike kama ilivyokuwa: nikaanza kutoa hoja. Nilisema kwamba kwa jinsi ninavyoyaona mawimbi haya, yanakuja matatu makubwa na kufuatwa na madogo, na kwamba ingefaa tungoje, na kwamba tukingoja basi hesabu ianzwe upya, kwa maana hesabu iliyokatizwa haina nguvu.

Mama yako hakuningoja. Akasema, "Tatu," akajitupa ndani, na babu yako na Bonifasi wakajitupa naye. Watatu. Mtumbwi ukalala upande uliokuwa na wawili, sanduku langu likateleza taratibu, kwa heshima zote, likaingia ziwani. Mimi nilikuwa bado majini, mikono imeshika ubavu, kinywa wazi, nikilitazama likizama pamoja na Warumi na Wayunani. Nafasi ya kuruka kwenye tatu ilikuwa imepita na mimi sikujua tena inaruka mtu wakati gani.

Ndipo wewe, uliyelowa mpaka kifuani, ukaniangalia na kusema kama mtu anayemkumbusha mwenzake somo, "Nne."

Nikaruka.

Nilianguka juu ya kuku. Mtumbwi ukanyooka. Bonifasi alianza kucheka kabla hajashika kasia, babu yako akacheka na goti lake, mama yako akacheka huku anakomba maji kwa sufuria ya bibi, na nakuapia kwamba tulivuka kwenda ng'ambo, watu wasio na nyumba na wasio na kitabu hata kimoja, tukiwa tunacheka. Yule kuku alipona, akataga kule ukimbizini. Nami kule kule Bujumbura nikaanza upya, nikaingia chuo kikuu, nikasoma vitabu vingi kuliko vilivyozama, na nikarudi Uvira na diploma ambayo mama yako huipangusa vumbi zaidi yangu. Yote hayo yalitokana na nne yako. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba hii anayeruka kwenye tatu.

Sasa tazama nilichojifunza, maana nilikizamia kabla ya kukipata. Watu husema tunahesabu kwa sauti ili moyo upate nguvu. Nimelisoma hilo na nalikataa. Kwenye moja sikuwa na moyo. Kwenye mbili nilikuwa nao mdogo zaidi. Kwenye nne sikuwa nao kabisa, ulikuwa umezama na sanduku. Niliruka kwa sababu ulikuwa umekwisha kusema, na wote tumesikia. Anayehesabu kimya anaweza kuongeza nusu, na robo, na robo ya robo, hata jua likazama. Anayehesabu kwa sauti amewapa wengine ncha moja ya kamba, na hawezi tena kuivuta peke yake. Ndiyo maana ni lazima wanaoshika ncha zote mbili wawe safarini pamoja. Wewe ulikuwa umeketi majini. Ulikuwa na haki.

Leo jioni nilimsomea mama yako hoja hii, na kwa kuwa hakuna hoja iliyowahi kupita mbele yake bila kodi, nakuandikia na upande wake. Alikuwa anakaanga ndagala zako za njiani. Alisema kwanza kwamba kwao Mutarule hakuna wa kuhesabu kitu: "Tunaruka mufereji na mutungi ku kichwa. Ukihesabu, maji inamwangika." Nikamjibu kwamba huko ni kuruka kwa mazoea, na mazoea si ujasiri. Akasema, "Na wakati huyu mutoto alianza kutembea, nani alimuhesabia? Si weye? Ulikuwa umepiga magoti pale mu nyumba, mikono wazi, moja, mbili. Miguu yako ilikuwa na maji?"

Nakubali nusu. Nilikuhesabia, ndiyo, lakini nilikuwa mbele yako, mahali unapofikia, na ungeanguka ungeniangukia mimi. Kesho nitakuwa nyuma yako, mahali unapoondoka. Nikikuhesabia kutoka pale, nitakuwa yuleyule wa jabalini mwenye saa, na wewe utakuwa umerushwa na sauti ya mtu anayebaki. Halafu huko Kalemie kuna mianya mingine, na asubuhi ya kwanza, na mwalimu wa hesabu, na wasichana wanaocheka Kiswahili cha Uvira, nami sitakuwepo hata kwa moja. Kama hesabu ni yangu, utaiacha gatini. Kama ni yako, utakwenda nayo.

Mama yako akageuza ndagala, akasema, "Basi kama shida iko miguu, ingia mu maji, tumalize."

Nimelifikiria neno hilo tangu aliposema. Haliniondolei hoja, kwa kuwa kulowa si kusafiri. Lakini lina haki yake, na mimi nina viatu vipya. Kwa hiyo kesho, wengine watakapopanda juu ya gati, mimi nitashuka pembeni pale ambapo wavuvi huweka mitumbwi, nitaingia ziwani mpaka magotini, na suruali ya siku ya diploma na viatu vyake. Bonifasi siku hizi ni msimamizi wa wapagazi pale bandarini, na najua atasema nini. Aseme. Sitaingia ili nikuhesabie. Nitaingia ili niwe na haki ya kukusikia.

Na sasa nalitaka jibu lako. Silitaki kwa barua, wala kwa kumnong'oneza mama yako jikoni. Mimi nilikosea mbele ya watu, nilinyamazishwa mbele ya watu, na niliokolewa mbele ya watu na kuku. Basi nijibiwe mbele ya watu. Simama ukingoni mwa ule mwanya unaopumua, babu yako akiwepo na jicho lake, bibi yako, mama yako, wapagazi wote na magunia yao, na useme kwa sauti. Ukiona dai langu ni bovu, lipinge palepale kabla meli haijapiga honi, nami nitatoka majini, nitaeleza mbele ya wote kwamba nimeshindwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja, na nitakuvusha mkononi. Ukiliona ni la kweli, hesabu. Moja, mbili na tatu nitazisikia kutoka gatini. Nne nataka niisikie kutoka ndani ya meli.

Baba yako, ambaye miguu yake italowa